Jiwe Lililoelekezwa Mlangoni

"Isro, tua basi," wanawake wa jikoni walimwambia. "Hata nzi hutua."

"Nzi ana pa kutua," alijibu, naye tayari ameshavuka kizingiti.

Ndivyo alivyokuwa Isar Kaur, au Isro kwa waliomzoea, tangu alipofiwa na mume. Hakai. Akianza kukanda unga atauacha katikati, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, aende kuchungulia uani. Akirudi ataonja dengu, atasema chumvi haijakolea, kisha ataondoka bila kuiongeza. Usingizi wake ulikuwa wa paka. Wanawake wengine wa gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga wa kijiji cha Kot Bhagel, walikwisha kumzoea, na waliokuwa hawajamzoea walimwogopa, kwa sababu ulimi wake ulikuwa na makali kuliko kisu cha vitunguu.

Kutotulia huko angalau kulikuwa na kazi. Katikati ya ua palikuwa na jiwe la duara, pana kama sinia la harusi, lenye mwiba wa chuma uliosimama wima na mistari iliyochongwa kuuzunguka. Kivuli cha mwiba kikigusa mstari, zamu moja ya mchana imekwisha na nyingine imeingia. Hapo Isar Kaur huchukua rungu la mti akapiga upatu wa shaba ulioning'inia kwenye mwarobaini, na sauti yake huenda hadi mashamba ya mwisho. Kwa sauti hiyo watu walikumbuka sala, na kwa sauti hiyo hiyo maji ya mfereji yalihama kutoka shamba la mmoja kwenda la mwingine. Saa ya mkono ilikuwa moja tu kijijini, ya askari mstaafu, nayo ilikuwa imeshawapiganisha watu mara mbili. Jiwe halikuwahi kumpendelea mtu. Jua ni la Mungu na jiwe liko kwenye ua wa Guru, nani atabisha? Anayefungua mkondo kabla ya upatu huvunjwa mkono. Walikuwapo wanaume Kot Bhagel ambao mikono yao haikunyooka tena.

Mume wake, Waryam Singh, ndiye aliyekuwa akipiga upatu, bila ujira, kwa kumtumikia Guru. Alipougua kifua, Isar Kaur alimshikia rungu. Alipokufa, rungu lilibaki mkononi mwake, na hakuna aliyelidai. Vingine vyote vilidaiwa.

Arobaini haijatimia, kaka mkubwa wa marehemu, Lehna Singh, alikuja na shuka. Desturi ni hiyo: shemeji humfunika mjane shuka mbele ya ukoo, na mjane anakuwa mke wake, na ardhi haitoki nyumbani. Lehna Singh alikuwa na mke tayari, na tumbo lililomtangulia mlangoni. Isar Kaur alilivuta lile shuka kichwani mwake, akalikunja vizuri, akamrudishia.

"Kamfunike ng'ombe wako, shemeji. Usiku kuna umande."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimgharimu. Wazee wa kijiji walipokaa, aliwaambia yale aliyoyasikia kwa masikio yake: kwamba Waryam, siku mbili kabla hajakata roho, alimshika kaka yake kwenye kifundo cha mkono na kumwambia shamba liwe la Isro na binti yao, na Lehna Singh akaitikia, "Sawa, mdogo wangu, pumzika."

"Shahidi yuko?" wazee waliuliza.

"Mimi."

"Wewe ndiye unayedai. Neno la mtu kwa faida yake mwenyewe si ushahidi."

Lehna Singh alitazama vidole vyake vya miguu akasema hakumbuki. Basi shamba likawa lake. Isar Kaur alipewa chumba nyuma ya jiko la gurudwara, na ili Mungu asiwaulize sana, wazee wakamkatia kipande kimoja cha pembeni, kule mwisho ambako maji hufika yamechoka. Zamu yake ya maji ilikuwa Jumatano, kuanzia adhuhuri hadi katikati ya alasiri. Baada yake, hadi jua lizame, maji yalikwenda shamba la Lehna Singh, yaani lile lililokuwa la Waryam. Na sharti liliwekwa: kipande kikikaa misimu miwili bila mavuno, kitarudi kwa Lehna Singh, maana ardhi si ya kuchezewa na wanawake.

Msimu wa kwanza ulikauka wote. Ule uliofuata alipanda pamba.

*

Mwanzoni mwa mwezi wa Jeth, jua linapokuwa kama mama mkwe, lilikuja kundi la waumini kutoka mji wa mbali kutengeneza ua kwa kujitolea. Walibomoa matofali ya zamani wakatandaza marumaru nyeupe. Wazee kwa watoto walibeba karai vichwani, wakiimba. Isar Kaur hakupumua siku zote hizo. Kundi zima lilikula mikononi mwake, na walikula kama wanaotoka vitani. Jiwe la jua waliling'oa ili kusawazisha chini yake. Waliporudi kuliweka, kiongozi wao, mzee mwenye ndevu nyeupe na moyo mwema, alisimama akaliangalia, kichwa kimeegemea bega.

"Mbona lilikaa upande upande?" aliuliza. "Kitu cha kwenye ua wa Guru kinampaje Guru bega? Ligeuzeni lielekee mlango. Mstari mrefu uangalie kiti chake."

Wakaligeuza kidogo tu, likalingana na mistari ya marumaru na mstari wake mrefu ukatazama mlango wa ukumbi kinapokaa Kitabu kitakatifu, ambacho ndicho Guru wao. Kwa kweli lilipendeza. Kila aliyepita alisema, tazama, hata jiwe sasa lina adabu. Wakalishika kwa saruji.

Jumatano iliyofuata Isar Kaur alipiga upatu wa adhuhuri, akafunika kichwa, akakimbilia kipande chake kufungua mkondo, akarudi mbio jikoni. Alichoma chapati za alasiri kwenye tanuri la udongo lililo upande wa mashariki wa jiko. Msimu ule wa mwaka, kivuli cha paa kilipofika kwenye mdomo wa tanuri ndipo na kivuli cha mwiba kilipogusa mstari. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mtu akichomwa na jua mahali pamoja miaka mingi, anajua saa ngapi litamwachia. Kivuli cha paa kikafika kwenye mdomo wa tanuri. Akajifuta mikono, akaenda kwenye jiwe.

Bado.

Kivuli cha mwiba kilikuwa mbali na mstari. Akarudi, akachoma chapati nyingine, akaziunguza. Akaenda tena. Bado. Kivuli cha paa kilikuwa kimeshalimeza tanuri zima na kuanza kupanda kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, na jiwe lilikuwa linasema subiri. Alisimama juu yake, jasho likimdondoka kwenye marumaru, akalitazama jiwe, akautazama mlango wa ukumbi, akalitazama tena jiwe. Kisha akaelewa: lilipogeuzwa jiwe, mistari ilihama, na jua halikuhama.

Kule kwenye kipande chake maji yalikuwa yakiendelea kumiminika.

Alipopiga upatu hatimaye, alipiga kwa nguvu hata kunguru wakaruka. Jioni alikwenda kuangalia pamba yake. Maji yalikuwa yamefika hadi kona ya mwisho, ile kona ambayo tangu apewe haikuwahi kuonja hata tone. Ardhi ilikuwa nyeusi. Alichuchumaa, akaingiza kidole kwenye tope, akakinusa.

"Waryam," alisema, "ndugu yako anarudisha."

*

Siku zile alijisikia kama aliyeficha embe chini ya mtandio. Siku nyingine za juma wenye mashamba walinung'unika kwamba maji yamepungua, lakini katika mwezi wa Jeth nani hanung'uniki? Mmoja alilaumu panya waliotoboa kingo, mwingine alilaumu wakubwa wa mfereji, na wote walilaumiana. Zamu mbili za asubuhi ya Jumatano zilikuwa za mtu mmoja, kwa hiyo kwake ilikuwa mamoja. Jiwe hakuna aliyelitazama kwa jicho baya. Lilikuwa linamtazama Guru.

Isar Kaur alijisemea: mimi nimeiba nini? Nimelitia mkono jiwe? Napiga kivuli kinapogusa, kama nilivyopiga siku zote. Kama jiwe linasema uongo, uongo ni wa jiwe. Na kama uongo wenyewe unamnyima Lehna Singh, basi Guru ana mahesabu yake ambayo mimi mjinga nisiyejua kusoma sitayaingilia.

Maneno hayo yalikuwa matamu asubuhi. Kufikia alasiri yalikuwa yameshachacha. Ndipo alipozidi kutotulia. Alikuwa akienda kwenye jiwe mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akaanza kuzunguka kwa nyuma ya ukumbi ili asilipite kabisa. Wakati wa sala alikaa karibu na mlango, mguu mmoja ukitikisika. Bhai Khem Singh, msomaji wa Kitabu, mwanamume mpole mwenye kikohozi, alimwona.

"Bibi Isar Kaur, una homa?"

"Sina."

"Basi una jambo."

"Nina jiko linaloungua, Bhai ji. Mengine hayakuhusu."

Jumatano moja Lehna Singh mwenyewe alikuja uani, tumbo mbele, fimbo nyuma, akasimama kando ya jiwe huku zamu ya Isar Kaur ikiwa bado haijaisha.

"Bado tu?" alisema. "Siku hizi jua linatembea kama wewe ulivyokuja bibi harusi kwetu. Hatua moja, kilio kimoja."

"Nililia kwa sababu nilikuona umesimama mlangoni, shemeji. Nilidhani wewe ndiye bwana harusi."

"Ulimi huo ndio uliomuua ndugu yangu."

"Ndugu yako akielekea kufa alikushika mkono wewe. Mimi ulimi wangu haukumshika."

Uso wa Lehna Singh ulibadilika rangi. Aliinama akalitazama jiwe. Kivuli kilikuwa kweli hakijagusa. Lehna Singh akainuka, akapiga marumaru kwa fimbo.

"Ngoja nikae basi. Mimi ni mtu wa haki, jiwe likisema ngoja, nangoja."

Akakaa kivulini, akaomba mtindi, na Isar Kaur akampa bakuli zima, akamtazama akinywa huku maji yake yakimpita kuingia kwenye pamba ya mjane. Katika maisha yake yote hakuwahi kumkaribisha mtu kwa furaha kama hiyo.

*

Furaha ile ililala nyumbani kwake usiku mmoja tu.

Kesho yake alfajiri alikwenda shambani kupalilia. Mpaka wa kipande chake na shamba la Lehna Singh ulikuwa ukingo mwembamba wa udongo, na upande wa pili alimkuta Sudagar na mkewe Banti. Sudagar alikuwa mkulima wa nusu kwa nusu. Yeye alilima, alipanda, alimwagilia na kuvuna, na nusu ya mavuno ikaenda kwa mwenye ardhi. Lehna Singh hakushika jembe tangu tumbo lilipomzidi. Isar Kaur alijua hayo, kama alivyojua kila kitu kijijini. Lakini kulijua jambo na kulitazama ni mambo mawili.

Banti alikuwa na ndoo kichwani. Alikuwa akichota maji kwenye dimbwi la ng'ombe, mbali kule, na kumimina kikombe kikombe kwenye mashina ya pamba. Nusu ya shamba ilikuwa imesimama. Nusu nyingine, upande wa chini, miche ilikuwa imeinamisha vichwa, majani yamejikunja kama mikono ya mtoto anayelia.

"Banti, unafanya nini?"

"Nalisha pamba kwa kijiko, Bibi. Hujaona?" Alicheka bila furaha. "Maji hayafiki chini tena. Jua linazama kabla hatujamaliza nusu. Mwaka jana tulikuwa tunamaliza na tunabaki na ya kuogea."

"Umemwambia Lehna Singh?"

Sudagar aliinuka kutoka kwenye jembe. Alikuwa mtu mrefu aliyekonda, kilemba chake kimefungwa kwa kitambaa kilichochakaa.

"Nimemwambia. Anasema nalala. Anasema nafungua mkondo kwa kuchelewa." Alitema mate pembeni, kwa adabu. "Anasema kama nusu ya chini ikifa, nusu hiyo ndiyo yangu. Yeye atachukua ya juu."

"Hivyo ndivyo alivyosema?"

"Kwa maneno hayo hayo, Bibi. Na akisema mwenye shamba, shahidi wangu ni nani?"

Isar Kaur alisimama na jembe mkononi. Nyuma yake pamba yake mwenyewe ilikuwa imejaa, kijani kibichi hadi kona ya mwisho. Banti aliitazama.

"Yako imependeza, Bibi," alisema. Hakukuwa na kijicho katika sauti yake, na hilo ndilo lililouma. "Mungu amekuona."

Isar Kaur hakupalilia. Aligeuka akarudi gurudwara upesi, kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Njiani alimtukana Lehna Singh, akamtukana yule mzee wa marumaru, akamtukana Sudagar kwa kukonda vile, akamtukana hata Banti na ndoo yake. Kumbe aliyekuwa akimwibia hakuwa Lehna Singh. Lehna Singh haibiki. Ukimwibia huku, anatoa kule kwa mwingine. Unamrushia jiwe, naye ananyanyua mtu wa kujikingia.

Na ingawa alijua hivyo, alipofika jikoni akaanza kujihesabia sababu. Kipande kikikauka msimu huu, kinakwenda. Chumba kitafuata. Binti yake Melo, aliyeolewa mbali, anatarajia mtoto wa kwanza, na mama asiyepeleka hata shuka la pamba atasemwa hadi wajukuu wazeeke. Sudagar ni mwanamume, ana mikono, atapata shamba jingine la kulima nusu. Mimi nikikiacha hiki, nani atanipa kingine? Nani alinililia mimi? Wazee walikuwa wangapi siku ile, na ni yupi aliyeinua kichwa?

Aliunguza dengu. Wanawake wakatazamana.

"Isro, nenda kapumzike."

"Nikapumzike wapi?"

*

Siku ya kwanza ya mwezi, jua linapoingia nyumba mpya, Kot Bhagel yote ilikuja gurudwara. Ni siku ambayo hakuna anayetaja jina la mwezi mpya kabla halijasomwa kwenye Kitabu; watu hutaka kulisikia kwanza kutoka kwa Guru, si kutoka kwa kinywa cha jirani chenye husuda. Ilikuwa Jumatano. Joto lilikuwa limeamka mapema, na ukumbi ulinuka samli na jasho na maua ya asmini.

Bhai Khem Singh akasoma, akatamka jina. Mwezi wa Harh ulikuwa umeingia. Akasema kuhusu ardhi inayoungua na moyo unaoungua kwa kumkosa Bwana wake, kisha akakohoa. Halua ikagawiwa. Watu walikuwa wanataka kuinuka.

"Kaeni," Isar Kaur alisema.

Alikuwa amesimama upande wa wanawake, halua yake bado mkononi, samli ikimtiririka kwenye kifundo. Hakuwa amepanga. Miguu ndiyo iliyosimama; ilikuwa imechoka kuzungushwa.

Mkuu wa kijiji, Jwala Singh, mzee mwenye nyusi nzito, ndiye yule yule aliyemuuliza shahidi yuko wapi. Aligeuka.

"Kuna nini, Bibi?"

"Jiwe limegeuzwa. Walipoweka marumaru walilielekeza mlangoni, na tangu siku hiyo linachelewa. Adhuhuri kidogo, alasiri sana. Zamu yangu ya Jumatano inavuka mpaka, inakula ya shamba linalofuata. Nimekuwa nikipata maji yasiyo yangu."

Yakazuka manung'uniko, kama dengu inayoanza kuchemka.

"Nilijua," akaongeza, kwa sababu akianza kitu hakuweza kukiacha nusu, isipokuwa unga. "Nilijua tangu Jumatano ya kwanza. Nikanyamaza."

Lehna Singh alikuwa ameshasimama, mwepesi kuliko tumbo lake lilivyoruhusu.

"Mmesikia? Mmesikia kwa kinywa chake? Mwizi! Mimi nimekaa pale nikinywa mtindi wake, kumbe ndani ya bakuli nakunywa maji yangu mwenyewe!"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Kweli hiyo," alisema mwingine. "Ijumaa yangu nayo inapungua, nikadhani panya."

"Na mimi nimempiga mwanangu kwa ajili hiyo," alisema wa tatu.

Jwala Singh aliinua mkono. "Basi. Jambo liko wazi. Mwanamke amesema mwenyewe, dhidi yake mwenyewe. Hapahitajiki shahidi. Leo hii tutavunja saruji, jiwe litarudi lilivyokuwa."

Hakuna aliyetoka kwenda kulitazama jiwe. Hakuna aliyeuliza amejuaje. Wote waliamini pale pale, mara moja, kama watu wanaoambiwa kwamba moto unaunguza. Isar Kaur alitazama nyuso zile moja moja.

"Leo mmeniamini," alisema.

"Tumekuamini, Bibi. Keti."

"Leo neno langu ni zito. Siku ile Waryam alipomshika huyu mkono, neno langu hilo hilo, kinywa hiki hiki, lilikuwa jepesi. Basi mniambie, mimi nisiyejua kusoma. Mwanamke husema kweli pale tu anapojiangamiza?"

Bhai Khem Singh aliinamisha kichwa. Jwala Singh alikuna nyusi zake. Lehna Singh, safari hii pia, alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Hilo ni jambo jingine," Jwala Singh alisema hatimaye, taratibu. "Hilo limeshapita."

"Limewapita ninyi."

"Na kipande chake je?" Lehna Singh alidakia. "Aliyeiba maji atabaki na shamba?"

"Alipiga upatu kwa kufuata jiwe, na jiwe liligeuzwa machoni petu sote," Jwala Singh akajibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali upande ule. "Usitake kila kitu, Lehna. Kipande kitabaki kwa sharti lile lile. Na maji aliyozidisha atayafidia."

"Nitayafidia," alisema Isar Kaur. "Zamu yangu ya leo yote namwachia Sudagar. Simpi Lehna Singh, nampa Sudagar, mbele ya Guru. Na mmesikia nyote kwamba miche haikufa kwa usingizi wake. Nusu yake ni nusu ya shamba zima, si nusu iliyokauka."

Kule mwisho karibu na viatu, walikokaa akina Sudagar, mtu mrefu aliinuka nusu, akaunganisha viganja, akakaa tena. Wazee walitazamana. Ilikuwa vigumu kukataa. Wamekwisha kusema kwamba neno la mwanamke huyu ni kweli.

"Iwe hivyo," alisema Jwala Singh.

Isar Kaur alijua vizuri kwamba nusu ya kila tone alilolitoa ingeishia kwenye ghala la Lehna Singh. Alilijua hilo akiwa amesimama, na aliendelea kulijua alipokuwa akila halua yake iliyopoa, na haikuwa tamu.

*

Walivunja saruji wakiwa bado na nguo za sikukuu. Walibishana jiwe ligeuzwe hadi wapi, mmoja hivi, mwingine vile, mpaka Isar Kaur akatoka jikoni, akakaa chini kwenye marumaru inayochoma, akalishika jiwe kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mkaidi kichwani, na adhuhuri ilipofika na ukuta wa jiko ukabaki bila kivuli upande wowote, akalizungusha hadi kivuli kifupi cha mwiba kikalala kwenye mstari mrefu.

"Hapo," alisema. "Likimpa Guru bega, Guru halalamiki. Alishazoea."

Akapiga upatu wa adhuhuri. Kule mwisho Sudagar akafungua mkondo.

Mchana ule haukuisha. Isar Kaur alikwenda jikoni, akarudi. Akaenda chumbani, akarudi. Mara akawaza kona yake ya mwisho, ambayo juma hili haitaonja kitu, na majuma yajayo itaonja kidogo. Mizizi ilikuwa imeshashuka, huenda ikavumilia. Huenda isivumilie. Alihesabu mvua kwa vidole na vidole havikumpa jibu.

Alasiri Lehna Singh alikuja na fimbo yake. Safari hii hakuketi wala hakuomba mtindi. Pale uani walikuwapo wanaume kadhaa waliobaki kulitazama jiwe kama ng'ombe aliyetoka kununuliwa, na kila mmoja alimtazama Lehna Singh, kisha akamtazama mjane.

"Piga," alisema. "Zamu yangu imeingia."

Isar Kaur alishika rungu. Kivuli cha paa kilikuwa kinakaribia mdomo wa tanuri. Kivuli cha mwiba kilikuwa kimebakiza upana wa uzi.

"Haijaingia."

"Unaona raha kunisimamisha juani."

"Sana," alisema. "Lakini si hiyo. Jua halijafika."

"Piga, mwanamke! Imebaki nini? Unywele?"

"Unywele huo ni wa Sudagar."

Mmoja wa wale wanaume alikohoa kuficha kicheko. Lehna Singh alifungua kinywa, akawaona, akakifunga. Akabaki amesimama pale kwenye marumaru nyeupe, jasho likimtoka chini ya kilemba, akitazama uzi mwembamba wa mwanga kati ya kivuli na mstari. Naye Isar Kaur, mguu mmoja ukitikisika, rungu limeinuliwa, hakulishusha mapema wala hakulichelewesha.

Kivuli kikagusa. Akapiga.